Muziki wa Watoto Si wa Kupotezea Muda

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kuungama. Wiki mbili zilizopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi anayosoma mwanangu wa mwisho. Ajenda zilikuwa zile zile tulizozizoea: uji wa asubuhi, matundu ya vyoo na michango ya mitihani ya majaribio. Tulipofika kwenye mengineyo, alisimama mwalimu mmoja kijana akaomba jambo dogo. Alisema bendi ya shule ina ngoma tatu, na mbili kati ya hizo zimepasuka ngozi. Aliwaomba wazazi wachangie zitengenezwe, na kikibaki chochote zinunuliwe filimbi kumi na mbili, ili watoto wa darasa la tatu na la nne waanze kufundishwa muziki kwa utaratibu: wasome noti, wapige pamoja, na hatimaye shule iwe na kikundi chake. "Kitu kama okestra ndogo," alisema.

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akajibu bila kusimama. "Mwalimu, sisi tumewaleta watoto hapa wajifunze hesabu. Hizo okestra tuwaachie Wazungu. Muziki utampeleka wapi mtoto?" Mwenyekiti akasema jambo hilo litaangaliwa siku nyingine, tukafunga kikao kwa sala.

Mimi ambaye nimekula mkate wangu kwa kusema kwenye kipaza sauti zaidi ya miaka ishirini, sikusema neno. Nilimtazama mwalimu yule akikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni. Tangu siku ile karatasi hiyo imenikaa rohoni. Leo basi nataka kulipa deni. Nataka nimjibu mzee yule, kwa heshima zote, maana swali lake si la kudharauliwa. Mzazi anayehesabu shilingi ana haki ya kuuliza muziki utampeleka wapi mtoto wake. Lakini swali hilo limekwisha kuulizwa na watu wengi kabla yetu, na majibu waliyoyapata yamo katika historia.

Tuanze nyumbani. Kila asubuhi watoto wa shule ile husimama mstarini wakaimba Wimbo wa Taifa. Sauti ya wimbo ule ilitungwa na nani? Wengi wetu tunajua kwamba imetoka Afrika Kusini. Wachache wanakumbuka kwamba aliyeitunga, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ambaye pia aliongoza kwaya. Alikuwa na desturi ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo. Mwaka 1897 alitunga huo tunaouzungumzia. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, bila ya kujua kwamba sauti aliyoitunga ingekuja kuimbwa na mataifa. Sisi tuliipandisha pamoja na bendera yetu mwaka 1961.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee wangu ni hili: kipindi cha muziki cha shule moja maskini kilituletea Wimbo wa Taifa.

Na Sontonga aliandikaje nyimbo zake? Hapa pana kisa kizuri. Aliziandika kwa herufi, yaani kwa ule mtindo wa do, re, mi ambao wanakwaya wetu wanauita solfa. Mtindo huo haukuanzia kwenye vyuo vikubwa vya muziki vya Ulaya. Ulianza kwa mwanamke mmoja wa mji wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, binti wa mchungaji, aliyekuwa akifundisha watoto kuimba. Aliona kwamba ile mistari mitano yenye vidoto inawatisha watoto, akabuni njia ya kuandika sauti kwa herufi za kawaida, na mwaka 1835 akachapisha kitabu chake. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, kijana mmoja mchungaji, John Curwen, alipewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto na watu wa kawaida kuimba. Curwen mwenyewe hakuwa fundi wa muziki. Alikiona kitabu cha Glover, akakielewa, akakirekebisha na kukieneza.

Fikiri, ndugu msikilizaji, uzito wa jambo hilo. Ukiwa na solfa huhitaji piano. Huhitaji karatasi maalumu wala mitambo maalumu ya uchapaji. Unahitaji ubao, chaki na mwalimu mwenye sikio. Ndiyo maana mtindo huo ulisafiri na wamisionari hadi Afrika Kusini, Madagaska na huku kwetu, na hadi leo ukiingia kwenye mazoezi ya kwaya jioni, kijijini au mjini, utaikuta karatasi iliyojaa herufi d, r, m, f, s, l, t. Curwen aliongeza pia ishara za mikono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, na kadhalika, ili mtoto aione sauti kwa macho kabla ya kuitoa kwa koo.

Karne iliyofuata ishara hizo zilichukuliwa na Zoltán Kodály, mtunzi mkubwa wa Hungaria. Yeye alikasirishwa na namna watoto wa nchi yake walivyokuwa wakifundishwa nyimbo hafifu za kuazima, wakati vijiji vyao vimejaa nyimbo nzuri. Alishika kanuni mbili: mtoto aimbe kwanza kabla hajagusa chombo, na aanze na nyimbo za kwao, kama anavyoanza na lugha ya mama yake. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza ya kufundisha muziki kwa wingi kwa njia hiyo ilifunguliwa katika mji wa Kecskemét, alikozaliwa Kodály. Hungaria wakati ule ilikuwa nchi iliyotoka kuvunjwavunjwa na vita.

Sasa nije kwenye fani yangu, maana redio nayo ina sehemu yake katika habari hii, tena sehemu kubwa. Shirika la BBC lilipoanza matangazo yake ya shule mwaka 1924, aliyekaa mbele ya kipaza sauti mwezi Aprili kufungua vipindi hivyo hakuwa mwalimu wa hesabu wala wa jiografia. Alikuwa mwanamuziki, Walford Davies, na alizungumza na watoto habari za muziki. Miaka minne baadaye, mwaka 1928, shirika la NBC la Marekani lilianzisha kipindi cha muziki kwa watoto wa shule. Kiliongozwa na Walter Damrosch, mzee aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1862 na kupelekwa Marekani angali mtoto, akakua na kuwa kiongozi wa okestra mjini New York. Vipindi viligawanywa kwa madaraja. Wadogo walianza kwa kuvijua vyombo; wakubwa wakaendelea na watunzi na maumbo ya muziki. Walimu walipelekewa vitabu vya kuwaongoza, na wanafunzi madaftari ya kujaza. Kipindi hicho kiliendelea hadi mwaka 1942.

Mimi navipenda visa hivi kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu aliiweka redio ya betri juu ya meza, akavuta waya wa antena hadi dirishani, tukasikiliza vipindi vya shule darasa zima tukiwa kimya kama tuko msikitini. Wakati ule mimi neno okestra nililijua kwa maana nyingine. Kwetu okestra ilikuwa Maquis, ilikuwa Makassy, ilikuwa Safari Sound: magitaa, matarumbeta na dansi la mwisho wa wiki. Sikujua kwamba neno hilo hilo lina maana ya watu sabini au mia walioketi nusu duara, kila mmoja na karatasi yake, wakimtazama mtu mmoja mwenye kijiti.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Utamwelezaje mtoto wa miaka minane kitu hicho? Okestra ina koo nne. Kuna vyombo vya nyuzi: fidla, kaka yake mkubwa anayeitwa viola, selo na besi. Kuna vyombo vya kupuliza vya ukoo wa mbao: filimbi, obo, klarineti na basuni. Kuna vya shaba: tarumbeta, baragumu, tromboni na tuba. Na kuna vya kugonga, ngoma na jamaa zake. Ukimpa mtoto orodha hiyo aikariri, ataisahau kabla ya kengele ya mapumziko.

Aliyelitatua fumbo hilo vizuri kuliko wote ni mwanamke mmoja wa Moscow, Natalia Sats. Alizaliwa mwaka 1903, na tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa kwenye kazi ya michezo ya kuigiza ya watoto. Mwaka 1936 alikuwa mkuu wa Jumba Kuu la Michezo ya Watoto mjini humo. Mtunzi Sergei Prokofiev alikuwa akifika hapo na wanawe. Sats akamwomba awatungie watoto kitu cha kuwafundisha vyombo vya okestra, na wakakubaliana kwamba kiwe hadithi yenye wanyama, kila mmoja na chombo chake. Prokofiev aliandika maneno yeye mwenyewe na akamaliza kazi kwa muda mfupi. Ndiyo hadithi ya Petro na Mbwa Mwitu.

Angalia ufundi wake. Ndege ni filimbi. Bata ni obo, kwa ile sauti yake ya puani. Paka ni klarineti inayonyata chini. Babu mnung'unikaji ni basuni. Mbwa mwitu ni mabaragumu matatu kwa pamoja. Bunduki za wawindaji ni ngoma kubwa. Na Petro, mtoto jasiri, ni nyuzi zote. Mtoto hakaririshwi kitu. Anafuata hadithi, anaogopa, anacheka, na hadithi ikiisha anajua obo ni nini, na hatasahau hadi uzeeni. Wahenga wetu, waliokuwa wakimpa sungura sauti yake na fisi sauti yake kila hadithi ilipotambwa jioni, wangemwelewa Prokofiev mara moja.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Mei, 1936. Halikupokewa kwa shangwe. Prokofiev mwenyewe alikiri kwamba watu hawakulijali sana. Sats alikuwa mgonjwa, hakuwapo. Mwaka uliofuata, 1937, wakati wa kamatakamata ya Stalin, Natalia Sats alikamatwa. Mumewe, aliyekuwa waziri, alipigwa risasi mwaka 1938. Yeye akapelekwa kambini Siberia miaka mitano, kosa lake likiwa ni kuwa mke wa mtu aliyeitwa msaliti. Alipotoka hakuruhusiwa kurudi Moscow. Alikwenda Alma-Ata, Kazakhstan, na huko mwanamke huyu aliyenyang'anywa kila kitu alianzisha nini? Alianzisha jumba la michezo ya watoto. Na mwaka 1965, akiwa amekwisha rudi Moscow, akaanzisha jumba la muziki na opera kwa ajili ya watoto, akalitumikia hadi alipofariki mwaka 1993, akiwa na miaka tisini.

Ndugu msikilizaji, mimi husema kwamba mtu humjui anachokiamini wakati wa raha. Humjua kwa kile anachokifanya siku anapotoka gerezani.

Mfano mwingine ni wa Uingereza. Mwaka 1946 vita vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ya vita haikuwa imekwisha. Mwezi Julai mwaka huo Serikali ya Uingereza ilianza kugawa mkate kwa kadi, jambo ambalo halikufanyika hata wakati wa vita vyenyewe. Miji ilikuwa na mashimo ya mabomu. Hebu tujiulize, katika hali kama hiyo, waziri gani angethubutu kutaja okestra? Lakini Wizara ya Elimu ilikuwa imeagiza filamu ya kuwafundisha watoto wa shule vyombo vya okestra, na mtunzi Benjamin Britten akaitungia muziki wake. Alichukua sauti fupi ya Henry Purcell, Mwingereza wa karne ya kumi na saba, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza mwaka 1695. Kwanza okestra nzima inaipiga, kisha ukoo mmoja mmoja, kisha chombo kimoja kimoja kinapewa nafasi ya kujieleza. Okestra imevunjwa vipande mbele ya mtoto, kama fundi anavyofungua saa. Halafu inaunganishwa tena: filimbi ndogo inaanza peke yake kwa mbio, wa pili anadakia, wa tatu, hadi wote wamo ndani, na juu yao vyombo vya shaba vinarudisha ile sauti ya zamani. Kazi hiyo ilipigwa mara ya kwanza mjini Liverpool tarehe 15 Oktoba, 1946, na filamu ikatoka mwezi uliofuata.

Nchi iliyokuwa ikipima mkate kwa kadi haikuona kwamba muziki wa watoto ungoje. Ninapoambiwa shule yetu haina fedha za ngozi mbili za ngoma, naikumbuka kadi ile ya mkate.

Lakini nisiwe mwanasheria wa upande mmoja. Kazi hizi zote nilizozitaja, redio ya Damrosch, hadithi ya Prokofiev, filamu ya Britten, zina upungufu mmoja, na haukuonwa na mimi wa kwanza. Mwanafalsafa Theodor Adorno, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi akaenda Marekani, alikichunguza kipindi cha Damrosch na kukikosoa vikali. Kwa ufupi alisema kwamba kinamfundisha mtoto kutambua majina na vipande vya sauti, kama anayetambua nembo za bidhaa dukani, badala ya kumwingiza ndani ya muziki wenyewe. Kwa maneno yetu ya Kiswahili, kinamfundisha mtoto kuijua harufu ya pilau bila kumpa sahani. Mtoto anayesikiliza ameanza safari. Mtoto anayepiga ndiye aliyefika.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Katika bendi yetu ya shule mimi sikuwa mpiga ngoma. Ngoma walipewa wavulana wakubwa. Mimi nilipewa kile chuma cha pembe tatu kinachogongwa kwa kijiti, na nilitakiwa kukigonga mara moja baada ya kila mapigo kumi na sita. Nilihesabu kwa midomo, huku nikitetemeka. Nikiwahi, wimbo wote unaharibika. Nikichelewa, hali kadhalika. Mwalimu alinieleza maneno mengi, lakini chuma kile ndicho kilichonifundisha kungoja zamu yangu, kumsikiliza mwenzangu nikiwa bado nafanya yangu, na kujua kwamba kidogo changu kikikosekana wote watajua. Leo ninapokaa studio nikisubiri taa nyekundu iwake, bado nahesabu vile vile. Na yule mzee aliyetaka hesabu, namwambia hiyo nayo ilikuwa hesabu.

Walioliona jambo hilo wakalifanya kuwa mpango wa nchi nzima ni Wavenezuela. Mwaka 1975 mjini Caracas, José Antonio Abreu, mchumi aliyekuwa pia mwanamuziki, aliwakusanya vijana wachache ndani ya banda la kuegeshea magari wakaanza mazoezi. Kutokana na mazoezi yale ukaota mtandao wa okestra za watoto uliosambaa nchi nzima na kuwapita watoto wa mamia ya maelfu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: mtoto asisubiri kuwa fundi ndipo aingie kwenye okestra, aingie kwanza, ajifunzie humo humo. Wadogo kabisa huanza na vyombo vya karatasi walivyovitengeneza pamoja na wazazi wao, ili wajue namna ya kushika fidla kabla ya kukabidhiwa ya kweli. Mmoja wa waliokulia humo ni Gustavo Dudamel, aliyezaliwa mwaka 1981 katika mji wa Barquisimeto, na ambaye mwaka 2009 alikabidhiwa okestra ya Los Angeles.

Hapa pia nisipambe. Abreu alifariki mwaka 2018, na mpango wake umepata wakosoaji wenye hoja. Wamesema ulikuwa mkali mno kwa watoto, na ulikaa karibu mno na kila serikali iliyokuwa madarakani. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, vijana wengi waliofundishwa humo waliondoka nchini pamoja na wenzao. Muziki hauponyi uchumi. Anayemwahidi mzazi kwamba filimbi itaondoa umaskini anamdanganya, na mimi sitaki kuwa mmoja wao.

Basi tumebaki na neno moja la mzee wangu: tuwaachie Wazungu. Na tuangalie kama ni kweli. Huko Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra katika kanisa lao. Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakazipokezana. Waya ulipokatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Waliendelea, na mwaka 2010 filamu ya Wajerumani iliwaonyesha walimwengu watu hao wa sokoni na karakana wakipiga Beethoven. Nairobi, jirani na dampo la Dandora, watoto wa Korogocho wamekuwa wakifundishwa fidla na tarumbeta katika mpango ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008.

Na Zanzibar? Zanzibar tusiende kufundisha, twende kujifunza. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Cairo akajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa. Taarabu ile ya fidla zilizopangwa mstari, selo, udi, ganuni na nai, ni kitu gani kama si okestra? Ilikuwa ikipigwa na wenye nyumba zao na kazi zao, wakikutana klabu usiku. Tena tukirudi bara, mtoto wa Kigogo anayekaa kando ya mama yake anapopiga ngoma za muheme, huku zeze kubwa na dogo zikijibizana na ilimba, anafundishwa nini kama si kupiga pamoja na wenzake? Marehemu Hukwe Zawose aliichukua elimu hiyo ya Ugogo akaipeleka Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo ikazunguka dunia. Sisi hatukuazima wazo la watu wengi kupiga kitu kimoja. Tulikuwa nalo. Tulichokosa ni kuliingiza darasani, na kulilinda lisife pamoja na wazee waliolibeba.

Ndiyo maana nasema ombi la mwalimu yule lina uzito kuliko bei yake. Filimbi kumi na mbili si anasa. Kodály angemshauri aanze kwa kuimba, tena nyimbo za mtaa ule ule. Curwen angempa chaki. Sats angemwambia awape watoto hadithi, kila filimbi na mnyama wake. Abreu angemwambia aanze kesho, hata kwa vyombo vya karatasi. Wote hao wasingehitaji zaidi ya mwalimu mwenye nia, na mwalimu huyo tunaye. Udongo upate ungali maji. Mtoto wa darasa la tatu ndiye udongo huo, na miaka mitatu ijayo atakuwa amekwisha kauka.

Muziki utampeleka wapi mtoto? Mzee wangu, huenda usimpeleke popote. Huenda akawa mkulima, dereva, muuguzi au mtangazaji. Lakini atakuwa mkulima aliyewahi kukaa katikati ya sauti kumi na mbili, akasikia ya kwake ikikutana na ya jirani yake, akajua kwamba hakuna aliyemshinda mwenzake na bado kazi imekamilika. Darasani tunampangia namba, wa kwanza hadi wa mwisho. Nionyeshe somo jingine ambalo wa mwisho akikosekana, wa kwanza hawezi kuendelea.

Kikao kijacho cha wazazi ni mwisho wa mwezi. Nimekwenda kwa fundi wa ngoma nikauliza bei ya kuwamba ngozi mbili. Si kubwa, ni chini ya ile tunayochangiana kwa harusi moja. Nimeiandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo ninayo mfukoni. Safari hii nitanyoosha mkono kabla ya mwalimu, na mzee wangu akicheka, nitamwomba ahesabu mapigo kumi na sita pamoja nami.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa.